Sindano au Jua

Kaka yake ndiye aliyempachika jina la Siafu, tangu wakiwa wadogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa mahali akatulia. Jina likamganda. Kazini walimwita Daktari, si daktari wa vidonge bali wa kemia, lakini hata huko hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Chai aliinywa akitembea. Vikombe vyake vilivyobaki nusu vilizagaa kila pembe ya maabara, na fundi wa vipimo, bwana mmoja mpole aliyevaa miwani kwenye paji la uso badala ya machoni, alivikusanya kila jioni kama mhudumu wa hoteli. Huyo walimwita Miwani.

Kiwanda chao kilichapisha umeme wa jua. Hawakutengeneza yale mabamba ya kioo yanayowatoa watu jasho kuyapandisha paani. Wao walitengeneza utando mwepesi wa plastiki uliopakwa wino, unaokunjika kama kitambaa cha meza. Wino wenyewe ulikuwa wa kikaboni, wa ukoo mmoja na rangi za nguo na plastiki za ndoo. Ndiyo maana ulikuwa mwepesi, na ndiyo maana ulikuwa na ugonjwa wa ukoo huo, yaani kuzeeka. Shati jekundu ukilianika kila siku mwisho wake linakuwa la waridi. Wino wa jua nao ni vivyo hivyo. Jua linaloulisha ndilo linaloutafuna. Kazi ya Siafu ilikuwa kujua utazeeka lini, na nini kitauzeesha.

Na wino waliokuwa wakiutumia sasa aliubuni yeye. Ulikuwa wa buluu nzito iliyokaribia weusi, na ulikuwa umemla ujana wake wote. Wenzake waliuita Mwanao. Akiingia asubuhi tu, Miwani humuuliza, "Mwanao ameamkaje?" Naye hujibu akiwa tayari ameshaelekea kwenye Kabati la Uzee.

Kabati la Uzee lilikuwa sanduku kubwa la chuma lenye taa nyeupe kali zisizozimwa na joto lisiloshuka. Utando ukiingia humo ulizeeka kwa majuma kadhaa kama ambavyo nje ungezeeka kwa miaka. Humo Mwanao aliporomoka kidogo mwanzoni, kama waporomokavyo wote, kisha akatulia. Mstari wa umeme wake kwenye kompyuta ukalala kama maji ya bwawa. Kutokana na mstari huo Mkurugenzi alipata maneno mawili aliyoyapenda kuliko jina lake mwenyewe: miaka kumi. Aliyasema kwenye mikutano, kwenye simu, hata kwa mlinzi wa getini.

Ikabaki kutafuta mahali pa kuuweka utando huo. Mkurugenzi aliona hema moja la mikutano lililoshonwa vizuri mno, akauliza nani kashona, akaelekezwa kwa fundi maturubai mmoja mwenye karakana nyuma ya soko. Alipomleta kiwandani, Siafu alitoka kwenye korido na kikombe chake, akakutana uso kwa uso na kaka yake.

"Wewe umefuata nini huku?"

"Nimeitwa," kaka akajibu kwa kiburi kidogo. "Wanasema mnajua kutengeneza umeme lakini kushona hamjui."

Basi wakafanya kazi pamoja, kaka na dada, na hema lao la kwanza, lenye utando wa buluu juu ya paa lote, likapewa zahanati moja inayohamahama ikichanja watoto. Paa liliendesha taa, feni moja na friji ya chanjo. Siku ya kulisimamisha, kaka alilizunguka akilipiga makofi mgongoni kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

Mwaka ulikuwa haujapinduka simu ilipolia. Alikuwa muuguzi mkuu wa ile zahanati, mama mmoja mwenye sauti ya mtu asiye na muda wa kupoteza.

"Daktari, friji yenu imechoka. Asubuhi inajikaza, ikifika alasiri inalalamika tu. Chanjo nimezihamishia kwenye sanduku la barafu, na barafu naitoa mbali. Njoo uone."

Siafu alikwenda siku ileile, Miwani akiendesha. Walikuta foleni ya kina mama na watoto wao mgongoni, friji ikinguruma kinyonge pembeni. Siafu hakuiangalia friji. Alipanda ngazi, akachungulia juu ya paa.

Buluu ilikuwa imepauka. Ilikuwa imegeuka zambarau ya kuchoka, kama doa la zabibu lililofuliwa mara nyingi; na kuzunguka matundu ya mshono, hapa na pale, kulikuwa na vijiduara vyeupe kama ukurutu.

"Maji," Miwani akasema kutoka chini, Siafu alipomwonyesha picha alizopiga kwa simu. "Yameingilia kwenye matundu ya sindano."

Walibandua kipande kimoja cha paa, wakakikunja, wakaondoka mbiombio, maana yeye hata kuaga aliaga akiwa ameshafunga mlango wa gari.

Mkurugenzi alizitazama zile picha akiwa amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Watu wengi walikula kwa sababu ya kiwanda kile, naye alilijua hilo kila alipoamka. Wageni wenye mtaji walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi.

"Ni mshono," alisema. "Vijiduara hivi hata mimi nisiye mkemia naviona."

"Vijiduara ni vya mshono. Lakini katikati ya utando hakuna tundu, na katikati napo pamepauka."

"Maji hayatembei?"

"Yanatembea."

"Basi." Mkurugenzi akageuka. "Daktari, nisikilize vizuri. Kama ni sindano, tunabadilisha sindano, tunabadilisha na fundi, wageni wakija tunawaambia tumeona kasoro tukaiziba. Lakini kama ni wino, mimi sina cha kuwaambia. Fundi mwingine nitampata kesho. Wino mwingine je, utanipatia lini?"

Hakumkumbusha kwamba fundi huyo ni kaka yake. Wote wawili walilijua.

Tangu siku hiyo Siafu hakuwa na pa kujishika. Mguu mmoja ulikuwa kwa wino, mwingine kwa kaka, na yeye katikati kama aliyekalia misumari. Akishika kalamu anaiweka, akifungua faili analifunga. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba alipoviona vile vijiduara, kabla ya kumfikiria kaka yake, alikuwa amefurahi. Ilikuwa furaha fupi kama cheche, lakini aliisikia. Afadhali sindano, moyo ulikuwa umesema. Afadhali si Mwanao.

Akaamua kupima. Alitafuta masalio ya turubai lenye utando lililoshonwa na kaka yake, akayafungia kwenye sanduku la unyevu, gizani, humo hewa imeloa kama bafuni. Hakumwambia kaka. Alijiambia atamwambia matokeo yakitoka. Kila baada ya muda mfupi alilifungua kuchungulia, mpaka Miwani, mpole yule, akachoka.

"Daktari, wali ukifunuliwafunuliwa hauivi. Kila ukifungua unyevu unatoka. Tutapima nini sasa, wasiwasi wako?"

Aliona aibu, akajizuia kwa asubuhi nzima. Alasiri akafungua tena.

Na ndipo alipokuwa ameinama kwenye lile sanduku, kaka yake akatokea mlangoni na mzigo wa turubai begani. Alikuja kuleta kazi nyingine. Aliyaona masalio. Fundi hawezi kuukosa mshono wake, kama vile mama asivyoweza kukosea sauti ya mwanawe katikati ya sauti za watoto wa watu.

"Ule si wangu?"

"Ni wako, Kaka."

"Unaupika?"

Akamweleza: friji, paa, vijiduara, maneno ya Mkurugenzi. Alimweleza harakaharaka, akitembea kati ya meza na dirisha, kana kwamba akienda mbio maneno yatauma kidogo. Kaka alisikiliza bila kuushusha mzigo begani.

"Umenipima kwa siri," alisema mwishowe.

"Nilitaka nijue kwanza."

"Ungeniuliza, Siafu. Ningekwambia pembe mbili za paa nilizirudia, kwa hiyo zina matundu mara mbili. Ningekwambia mwenyewe." Akauweka mzigo chini taratibu, akaupangusa vumbi. "Haya. Upike vizuri."

Akaondoka. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Matokeo ya sanduku yalipotoka hayakumpa raha yoyote. Kweli, vijiduara vilitokea kwenye matundu, hasa pale mshono ulipopita mara mbili. Lakini nje ya vijiduara, buluu ilibaki buluu nzito kama usiku wa bila mwezi. Sindano ilikuwa na kosa lake, dogo. Halikutosha kuua friji.

"Basi kaka yako amepona," Miwani akasema.

"Hajapona. Mkurugenzi atasema unyevu wa sanduku si mvua ya kweli. Na Mwanao kule kwenye Kabati hana hata mkunjo. Sasa nani kaiua rangi ya lile paa?"

Siku ya mapumziko, wifi yake, mke wa kaka, alimpigia simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yenye miiba.

"Wifi, mume wangu tangu juzi anashona vifuniko vya malori kama anashona sanda. Mmegombana nini?"

Siafu akamsimulia. Wifi akasema, "Nyie wawili nawajua. Huyu akiumia ananyamaza, wewe ukiumia unakimbia. Mficha uchi hazai. Ukishalijua, njoo uliseme hapa nyumbani, hata kama ni baya. Lakini usije mikono mitupu, njoo na neno."

Neno hakuwa nalo. Akaondoka nyumbani akiwa na viatu vya kushindia, akaendesha gari mwenyewe mpaka kwenye zahanati, bila kujua anakwenda kutafuta nini.

Siku hiyo hapakuwa na foleni. Muuguzi mkuu alikuwa akianika mashuka, akamwambia azunguke apendavyo. Siafu akazunguka. Akazunguka tena. Mara ya kwanza alipokuja alikimbilia juu ya paa tu. Sasa ndipo alipouona ukumbi mdogo wa mbele, pale kina mama wanapokaa wakisubiri. Ukumbi nao ulikuwa na utando wake juu. Na utando ule ulikuwa wa buluu nzito, kama siku walipoufunga.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alisimama kweli.

Turubai lilikuwa lilelile, na mshono uleule. Tofauti ilikuwa moja: juu ya ukumbi kulikuwa kumetandazwa nailoni angavu, ile ya kufunikia mabanda ya miche, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo.

"Hii nailoni ni ya lini?"

"Ile?" Muuguzi akatazama akiwa na pini ya nguo mdomoni. "Tangu mwanzo. Pale palikuwa panavuja, mvua inawamwagikia kina mama. Jirani mwenye miche akatupa kipande. Kwani ina ubaya?"

Kichwa cha Siafu kilikuwa tayari mbali. Nailoni ya miche hutiwa dawa ya kuzuia miale ya jua isiyoonekana, ile inayochubua ngozi na kupasua plastiki, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Bila dawa hiyo nailoni yenyewe isingemaliza misimu miwili. Na Kabati la Uzee je? Taa zake zilikuwa za kisasa, za kuokoa umeme, nyeupe na kali, lakini miale ile hazikuwa nayo. Alilijua hilo. Kila mtu alilijua. Plastiki ya juu ya utando ilitakiwa kuichuja, na ilichuja nyingi. Ni kidogo tu iliyopita. Wote waliamini kidogo hicho hakina neno.

Furaha haikudumu. Alikuwa hajafika hata kwenye gari akakumbuka kwamba ile nailoni ilizuia jua, ndiyo, lakini ilizuia mvua pia. Mkurugenzi angesema: unaona, pasipoingia maji pako salama, ni sindano tu. Na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Siafu akacheka peke yake barabarani, kicheko kikavu. Aliomba kipande cha nailoni, akapewa, akarudi mjini.

Ilibidi kuvitenganisha viwili hivyo, jua na maji. Kiwandani kulikuwa na chumba cha gundi, ambako kingo za utando ziliunganishwa kwa gundi inayokauka ikimulikwa na taa ya zambarau. Taa ile ilikuwa na miale ile tele. Siafu aliwabembeleza watu wa gundi mpaka wakamwachia moja ya akiba. Yeye na Miwani wakapanga chini yake vipande vya utando visivyopitiwa na sindano hata moja, kwenye hewa kavu. Nusu ya kila kipande waliifunika kwa nailoni ya miche. Na pembeni wakaweka vipande vingine vya wino uleule, lakini vilivyotengenezwa bila zinki.

Zinki ilikuwa ndiyo shaka yake. Chini ya wino huwa kuna tabaka jembamba la oksidi ya zinki, ambalo kazi yake ni kuupokea umeme na kuupitisha. Ni kitu kizuri, rahisi, kila mtu anakitumia. Lakini ikiguswa na miale ile huchangamka, na ikichangamka huanza kumng'ata jirani. Jirani yake hapo alikuwa Mwanao.

Safari hii hakufunua. Alikaa mbali na chumba cha gundi kwa makusudi, akapanga upya kabati za dawa, akasafisha mizani ambayo haikuwa chafu, akagombana na mashine ya kunakili. Miwani alipomwita, alikwenda kwa kukimbia, kisha akafika mlangoni akasita.

Vipande vilikuwa mezani. Upande uliofunikwa ulikuwa buluu. Upande wa wazi ulikuwa zambarau ya kuchoka, ileile ya juu ya paa. Mpaka kati ya pande mbili ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Na vile visivyo na zinki, hata upande wa wazi, vilikuwa vimebaki buluu.

"Pole, Daktari," Miwani akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika msibani.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa kaka. Wifi alimfungulia, akamtazama usoni, akamwonyesha karakana bila kuuliza. Kaka alikuwa kwenye cherehani kubwa, turubai la kijani limemfunika magoti.

"Si wewe," Siafu akasema. "Ni wino wangu. Wino na zinki, jua likiviwakia pamoja. Mshono wako umechangia kidogo tu, zile pembe mbili."

Cherehani ikanyamaza. Kaka akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Umemwambia bosi wako?"

"Kesho. Wageni wanakuja kesho kutwa."

"Usimwambie."

Siafu akadhani hakusikia vizuri.

"Andika ni sindano," kaka akasema. "Nimewaza tangu siku ile. Mimi nikiachwa na kiwanda chenu, malori yapo, mahema ya mikutano yapo, vibanda vya soko havitaacha kutaka vivuli. Watu hawataacha kunyeshewa kwa ajili yangu. Wewe wino huo umeuanza hujaolewa. Ukiutupa una nini? Andika sindano, halafu urekebishe hiyo zinki yako kimyakimya. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alisema hivyo bila kumtazama. Siafu alianza kutembea, kutoka kwenye marobota ya turubai hadi mlangoni na kurudi. Na tusidanganyane: aliwaza. Aliliona jambo zima likinyooka mbele yake, wageni wakipeana mikono, Mkurugenzi akitabasamu, Mwanao akibaki hai. Kwa mwaka mmoja tu wa kimya angekuwa ameshaitengeneza ile zinki. Nani angejua?

"Kaka, nikiandika sindano," alisema akiwa amempa mgongo, "kesho kutwa watachapisha utando huohuo kwa mahema kumi. Fundi mwingine atashona vizuri kuliko wewe, tuseme. Paa litapauka vilevile. Sasa hapo friji ngapi zitapata joto, na nitamsingizia nani tena?"

"Utakuwa umesharekebisha."

"Na kama sikuweza?"

Kaka akaliviringisha turubai, akaliviringua tena.

"Halafu nina jambo jingine," Siafu akasema. "Nilipoona vile vijiduara mara ya kwanza, nilifurahi. Nilifurahi kuwa ni wewe."

Kutoka ndani walisikia wifi akiweka sahani mezani.

"Hata mimi ningefurahi kama ingekuwa wino," kaka akasema. "Sasa ndiyo hivyo imekuwa, na sifurahi." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Haya, twende tukale. Ukitembea zaidi utanitobolea sakafu."

Kesho yake Mkurugenzi aliambiwa. Alivishika vile vipande, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mpaka ulionyooka. Kisha akasema, "Utawaambia mwenyewe," akatoka.

Siafu akawaambia wageni mwenyewe. Walikuwa watu wa heshima, wenye suti nzuri na maswali mafupi. Aliwaonyesha mstari wa Kabati uliolala kama bwawa, akawaambia mstari huo ni wa kweli lakini haujaambiwa habari zote za jua. Akawaonyesha vipande. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni miaka mingapi?"

"Sijui bado. Ninachojua ni kitu kinachouua, na jinsi ya kukipunguza makali. Tukiuvika nailoni ya kuchuja miale tutapoteza umeme kidogo tangu siku ya kwanza, lakini hautapauka hivi. Tukibadilisha zinki huenda tukapata zaidi. Sitawatajia idadi ya miaka ambayo sijaiona."

Mkurugenzi alikuwa akitazama meza. Wageni wawili waliaga mapema, kwa adabu, na hawakurudi. Wa tatu, mama mmoja mnene aliyekuwa kimya muda wote, aliomba apewe kipande kimoja aende nacho, akauliza jina la aliyetengeneza nailoni. Baada ya majuma kadhaa alituma watu wake. Mtaji wake haukuwa ule uliotarajiwa. Mashine mbili kati ya tatu za kuchapisha utando zilisimamishwa, baadhi ya watu wakapelekwa likizo isiyo na tarehe ya kurudi, na korido ikawa na mwangwi. Kuna waliopishana na Siafu bila salamu. Aliwaelewa. Mkurugenzi mwenyewe alikaa siku nyingi akimsemesha kupitia kwa Miwani, kisha siku moja akaingia maabara, akaagiza taa za Kabati zibadilishwe na vichanja vijengwe juu ya paa la kiwanda, utando uwe unaanikwa nje juani na mvuani. "Nisije nikashangazwa tena," alisema. Hakusema zaidi, na yale maneno yake mawili hakuyatamka tena.

Hema la zahanati lilivuliwa paa likavikwa jipya. Kaka alikuwa amelibuni upya pindo: sasa utando ulizungukwa na ukingo mpana wa plastiki tupu, uliogandishwa kwa gundi, na sindano ilipita humo bila kuugusa wino. Juu ya yote kukapita nailoni ya kuchuja. Alipomaliza kufunga kamba ya mwisho, alishuka akamkabidhi dada yake ngazi.

"Panda uangalie mwenyewe, mshono kwa mshono. Usije ukanipima kwa siri."

Siafu akapanda, kaka akamshikilia ngazi. Alikagua polepole, kwa mkono, akitaja kila pembe kwa sauti, na kaka akiitikia kutoka chini. Ndani ya hema muuguzi mkuu alikuwa akizirudisha chanjo kwenye friji, akizihesabu kwa kunong'ona, na mtoto mmoja aliyekwisha kuchomwa alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu.

Walikuwa wameshaingia garini simu yake ilipolia. Alikuwa Miwani. Siafu alisikiliza, akasema "Ngapi?", akasikiliza tena, akakata.

"Vipi?" kaka akauliza.

"Vile visivyo na zinki, vilivyo kwenye vichanja. Vimeanza kuanguka."

"Vimepauka?"

"Havijapauka. Rangi ni ileile, lakini umeme unapungua. Ni kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui," Siafu akasema, akawasha gari.